Tui halilali

Nilipofungua kibanda changu cha mahamri na mbaazi hapa Kisumu Ndogo, Malindi, kila kitu nilikuwa nikikianza saa tisa usiku. Nakanda unga, nateleka mbaazi, nakuna nazi, mtoto analia na mkaa unakataa kushika. Saa kumi na mbili madereva wa tuktuk wanafika, mahamri yamelala kama chapati kwa sababu unga haukupata muda wa kuumuka, na mbaazi ukiibonyeza kwa kidole ni ngumu kama kokoto. Sala yangu ya alfajiri ilikuwa moja: Bwana, bariki kazi ya mikono yangu. Tuseme ukweli, nilikuwa namwomba Mungu anilainishie mbaazi ambazo mimi mwenyewe sikuzilowesha.

Katika ushirika wa akina mama nilipoeleza shida hiyo, dada mmoja akaniambia nisihangaike, Yesu amesema tusisumbukie ya kesho. Mstari huo niliupenda sana. Ulikuwa unaniruhusu kulala mapema.

Baadaye nikakimbilia upande wa pili. Nikasema nitamaliza yote jioni, alfajiri iwe ni kupasha tu. Ilikuwa Machi, tangambili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, lile joto letu la ukuta kutoa moto hata usiku wa manane. Nikapika mbaazi, nikazitia tui zito, nikafunika, nikalala usingizi wa mtu aliyejipanga. Asubuhi nikazipasha bila kuonja. Dereva wa kwanza akachovya hamri, akatafuna taratibu, akasogeza sahani kando.

"Mama, hizi zimechacha."

Na akalipa. Hapo ndipo nilipoumia. Sufuria nzima niliimwaga, na nazi zangu nne ndani yake.

Jirani yangu, bibi wa Kiislamu aliyeanza kuuza mahamri kabla sijazaliwa, alinikuta nasugua sufuria.

"Tui ulilitia jana?"

"Eeh, bibi."

"Tui halilali, mwanangu." Akaenda zake dukani.

Wiki ileile ushirika ulifika Kutoka sura ya 16, habari za mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani. Biblia yetu inasema pishi moja kwa kila mtu, na mimi nimekulia nyumba iliyopima nafaka kwa pishi, vibaba vinne, kwa hiyo niliisikia kama habari ya jikoni. Waliosaza mana hadi asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka. Lakini siku ya sita waliokota pishi mbili kwa mtu, wakaambiwa waoke na kutokosa kabla ya Sabato, na hiyo ililala bila kuharibika. Wenzangu walizungumzia imani. Mimi nilikuwa naiona sufuria yangu. Mungu yuleyule, sura ileile, huku anakataza kuweka, huku anaagiza watu waandae. Kosa langu likawa wazi: mara zote mbili sikujiuliza kipi kinalala na kipi hakilali.

Sasa mbaazi nazichambua na kuzilowesha asubuhi. Jioni nabadilisha maji, nazichemsha mpaka ziive, maji matupu, bila nazi. Unga naukanda saa tatu usiku, na hapo hamira ilinitesa karibu wiki mbili. Kipimo changu cha alfajiri kilipolala usiku kucha, unga ulifurika beseni na kunuka kama pombe ya mnazi iliyochachuka. Nikapunguza, nikapunguza tena, hadi nusu kijiko cha chai kwa kilo moja ya unga. Tui la kukandia liwe vuguvugu: natia kidole, nikishindwa kukiacha humo basi nasubiri, maana tui la moto linaua hamira. Utauliza mbona hilo tui linalala. Nilimuuliza bibi swali hilohilo, akacheka. "Humo ndani kuchachuka ndiyo kazi, mwanangu. Kwenye mbaazi nani anataka uchachu?"

Nazi za mbaazi jioni nazifua tu. Naitikisa kila moja nisikie maji yake, nazipanga karibu na mbuzi ya kukunia, kifumbu cha kuchujia tui juu yake. Kuvunja ni saa kumi alfajiri. Kila nazi naivunjia bakuli lake na kuonja maji kabla ya kuikuna, kwani nazi mbovu harabu ya nzima. Mbaazi zinaanza kuchemka na tui la pili, na lile zito linaingia mwisho, moto mdogo, watu wakiwa tayari wanavuta viti.

Sala nayo imehama. Naomba usiku, mikono imo ndani ya unga, na huwa ni ndefu kwa sababu kukanda kunachukua muda. Alfajiri nasema asante tu, nikakune nazi.

Jumapili siuzi, kwa hiyo Ijumaa usiku nakanda maradufu, Jumamosi watu wabebe na ya kesho. Yule dereva wa sahani alirudi baada ya miezi kama miwili. Alikula, akaongeza, kisha akaomba nimfungie mahamri kumi ya Jumapili, na mbaazi pia kwenye kikopo.

"Mahamri nakufungia," nikamwambia. "Mbaazi kula hapahapa."

Akanitazama kidogo, halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, kumbe hujasahau!"

"Nisahau vipi, na wewe ulilipa?"