Bili ya Halmashauri na Visa Isiyogusa Fedha za Umma

Bili ya kodi ya halmashauri imeingia, nayo imeniharibia wiki. Kwa chumba na sebule nilivyopanga katika mji mdogo wa kaskazini mwa England, natakiwa kulipa pauni 168 kila mwezi kwa miezi kumi, mbali na kodi ya pango na kodi ya mapato ambayo mwajiri huikata kabla mshahara haujanifikia. Ninyi mnaonung'unikia shilingi 1,500 za kodi ya jengo kila mwezi kwenye LUKU, mita za umeme za kwetu Tanzania, hesabuni wenyewe. Huku nako anayelipa ni mpangaji, na kiwango hupangwa kwa thamani ambayo nyumba ingekuwa nayo Aprili 1991, hata kama imejengwa juzi.

Hata hivyo, karatasi yenyewe imechambua fungu la polisi, la zimamoto na la matunzo ya wazee na watu wazima wasiojiweza. Isitoshe, halmashauri inalazimika kutangaza kila malipo yanayozidi pauni 500, nami nimeperusa orodha hiyo hadi nikamkuta mkandarasi wa kuziba mashimo ya barabara. Kwetu mapato na matumizi ya mtaa husomwa mkutanoni, mwenyekiti akipenda. Lakini msidhani uwazi huzuia kufilisika: Birmingham ilitangaza Septemba 2023 kwamba fedha zake hazitoshi kulipia majukumu yake, na mwaka uliofuata wakazi wakapandishiwa kodi kwa karibu asilimia 10 huku huduma zikipunguzwa.

Linaloniuma zaidi ni visa yangu, ambayo masharti yake yananikataza kugusa fedha za umma, yaani misaada ya serikali na halmashauri kwa wenye shida. Tukipunguziwa saa za kazi, jirani yangu ataomba nafuu ya kodi hii inayotolewa kwa wenye kipato kidogo, ilhali mimi, ninayechangia mfuko uleule, sina ruhusa ya kuiomba.

Mnaojiandaa kuja, fahamuni kwamba nyumba yenye wanafunzi wa masomo ya muda wote pekee imesamehewa, na anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25, punguzo ambalo halihesabiwi kuwa fedha za umma, kwa hiyo liombeni bila woga. Mkipata barua ya kukumbushwa, lipeni ndani ya siku saba, la sivyo mtadaiwa salio la mwaka mzima kwa mkupuo, kisha mahakama ifuate. Na mwenye nyumba akisema pango lake limejumlisha kila kitu, aitaje kodi ya halmashauri ndani ya mkataba, kwa maandishi, kabla hamjampa hata pauni moja.