Kadi ya Ami

Juzi masika ilitukuta ndani ya matatu ya Kisauni, tumebanana, vioo vyote vimefungwa, kunanuka jasho na nguo mbichi. Nikafungua dirisha. Makanga akafoka, mama wa nyuma akavuta buibui lake, na binti yangu, ambaye kwake kila jambo ni swali, akauliza kwa sauti: "Mama, mbona wewe wafungua dirisha kila siku, hata kukinyesha?"

Nikamwambia nataka hewa. Si uongo, ila si yote.

Mwaka 2013 Ami alipokutwa na kifua kikuu, nyumba yetu ya Mji wa Kale ilijiona yajua la kufanya. Bibi akamtengea kikombe na sahani, akamfungia dirisha asipigwe na baridi. Kikombe hakimwambukizi mtu. Kinachoambukiza ni hewa iliyofungiwa, na sote tulikuwa tumeketi mle mle, yeye akikohoa, sisi tukikimwagia kikombe maji ya moto. Mungu alituhurumia tu.

Akapewa vidonge vya miezi sita. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, basi nikakabidhiwa kadi: kila asubuhi nimwone akimeza, nitie tiki. Mwanzo nilisimama mlangoni kama askari. Kufikia mwezi wa tatu Ami alishanenepa, amerudi kwenye meza yake ya kutengeneza saa. "Weka hapo mwanangu, zanichafua tumbo. Nikitulia 'tameza." Nikaweka, nikatia tiki. Baadaye nikawa natia za wiki nzima, Jumapili usiku, kwa mkupuo mmoja.

Mwezi wa tano makohozi yakawa bado yana vijidudu. Yakapelekwa kwenye ile mashine inayotoa jibu kwa saa mbili hivi.

Tuliitwa kwenye benchi la nje, chini ya mkungu. Sista alikuwa mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi. Akasema rifampisini, dawa kuu katika vile vidonge, haimfai kitu Ami, hii sasa ni TB sugu, kisha akaomba kadi. Akailaza gotini na kupitisha kidole mstari kwa mstari, taratibu, kama asomaye chuoni. Wiki za mwanzo kila tiki ilikuwa na sura yake: hii ya kalamu nyekundu, hii ya penseli, hii ina doa la chai. Halafu zikaanza kufanana. Saba, saba, saba, wino mmoja wa buluu, zote zimelalia upande mmoja. Kidole kikasimama hapo.

Jani la mkungu likaanguka juu ya kadi. Hakulitoa. Ami alikuwa akikohoa ndani ya leso, ameangalia geti. Mimi nawaza Kapsabet, ambako mwaka 2010 wagonjwa walitiwa jela kwa kuacha dawa. (Mahakama Kuu ilikuja kusema mwaka 2016 kwamba kuwafunga vile ni kinyume cha Katiba, lakini siku ile ningejuaje?) Nikangoja swali. Sista akainua macho, akaniangalia mimi, si Ami. Akalipeperusha lile jani, akaikunja kadi mara mbili na kuitia mfukoni.

"Haya. Twaanza upya," akasema.

Kuanza upya kulikuwa miezi ishirini. Minane ya mwanzo ilikuwa na sindano karibu kila siku, hata kwenye tuktuk akawa anakalia upande mmoja. Mwezi wa sita wa sindano nilimkuta mezani ameweka saa sikioni, anaitikisa, anachukua nyingine. "Zote hizi zimekufa?" akaniuliza. Zilikuwa zatembea. Ilikuwa kanamisini, dawa ya zile sindano, yamla masikio. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo iachwe, na siku hizi wengi wenye TB sugu hutibiwa kwa vidonge vitupu, miezi sita. Ami alishapona zamani, alhamdulillahi, na masikio yalishakwenda.

Daktari mmoja aliniambia si lazima usugu uwe umetokana na dawa alizoziruka. Mtu aweza kuvuta kijidudu ambacho kimekwisha kuwa sugu kifuani mwa mwingine, kwenye chumba kama chetu, kwenye matatu kama ile ya juzi. Nalishika sana neno hilo, hasa usiku. Mchana huniponyoka, nikaziona zile Jumapili.

Idi iliyopita nilijaribu kumwambia. Tulikuwa wawili barazani, mbaazi katikati yetu. Nikasogea upande wa kushoto, ambako husikia kidogo, nikasema yote: kadi, wino, Jumapili.

"Ati?" akasema, ametega kiganja sikioni.

"Nasema mahamri yapoa, Ami."