Safari ya Miyama kwa Ajili ya Mapaa ya Tanaka

Siku moja kabla ya safari hii nilikuwa Kyoto, katika duka dogo la picha za chapa, nimeinamia mchoro wa msanii wa Kijapani Ryohei Tanaka usiozidi ukubwa wa kiganja. Ulionyesha nyumba ya mkulima yenye paa la nyasi, ukuta wa udongo uliobanduka na mti wa matunda uitwao kaki, usio na jani hata moja, basi. Tanaka, aliyezaliwa Takatsuki karibu na Osaka mwaka 1933 na kufariki mwaka 2019, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchora nyumba za namna hiyo, nami nikaazimia kwenda kuyaona mapaa yenyewe.

Asubuhi nilipanda treni hadi Sonobe, kisha basi lililopita kando ya mto Yura katikati ya milima yenye ukungu, nikashuka Kita, kitongoji cha Miyama, eneo la milimani kaskazini mwa jiji la Kyoto, chenye nyumba zipatazo 50, ambazo 39 kati yake zimeezekwa kwa nyasi. Tangu mwaka 1993 serikali ya Japani imekiweka kitongoji hiki katika hifadhi. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha.

Sikuwa nikitafuta nyumba yoyote aliyoichora. Nilijibanza upenuni mwa ghala moja, na hapo, sentimita chache kutoka usoni pangu, niliona ukingo wa paa: unene wake ulizidi mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na nyasi zilikuwa zimekatwa sawasawa, maelfu kwa maelfu, kila bua likiwa tundu dogo jeusi. Sisi tuliolelewa chini ya makuti tunajua jinsi paa linavyogeuka rangi kwa mvua, lakini makuti huezuliwa baada ya miaka michache, ilhali paa hili huachwa lizeeke kwa miaka 20 au zaidi, likasawijika na kuota majani.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya Tanaka. Picha za namna yake huanzia kwenye bamba la shaba: hupakwa nta, mchoraji akakwaruza kwa sindano mstari mmoja kwa kila unyasi, kisha bamba likatiwa katika tindikali, nayo ikaila shaba pale tu palipokwaruzwa. Kadiri inavyokaa ndivyo mfereji unavyozama na weusi unavyokolea. Kisha bamba hupakwa wino, ukafutwa juu ukabaki mferejini, hadi karatasi mbichi inapokandamizwa juu yake na kuunyonya. Mvua ilikuwa ikiila nyasi mbele yangu vivyo hivyo, polepole zaidi. Wajapani huita wabi uzuri wa kitu cha hali ya chini kisicho na mapambo, na sabi ule unaoletwa na umri. Kwa Tanaka, naamini, uchakavu haukuwa mada tu, ulikuwa mkono wa pili uliochora naye.

Nikingoja basi la kurudi, niliona mti wa kaki ulioachiwa tunda moja kileleni, kama ilivyo desturi ya huko baada ya mavuno. Kunguru alitua kando yake, akalitazama, akaruka bila kuligusa.