Gari limefungwa na nini? Safari ya feri kwenda Sardinia na Mama

Mama alipanda ndege kutoka Mombasa hadi Munich bila neno. Kilichomtia hofu ni feri. Nilipomwambia kwamba mwezi wa sita tutaendesha hadi Livorno, Italia, tuingize gari melini na tulale humo mpaka kisiwa cha Sardinia, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza: "Na hilo gari litakuwa limefungwa na nini?"

Sisi ni watu wa Likoni, ng'ambo ya kivuko cha feri cha Mombasa. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka kwenye feri katikati ya mkondo, likazama na mama na binti yake mdogo ndani. Karibu wiki mbili watu walisimama ufuoni wakiwangoja wapiga mbizi. Tangu hapo Mama akivuka Likoni hushuka garini, hata mvua ikiwa inapiga. Kwa hiyo swali lake lilikuwa na haki yake, nami sikuwa na jibu.

Tiketi nilikata Februari. Atakayengoja kiangazi atajuta, hasa akitaka kusafiri karibu na tarehe 15 Agosti, sikukuu ambayo Waitalia wote huelekea baharini na bei hupanda nao. Fomu iliniuliza urefu wa gari na kimo chake, na sanduku la mizigo la juu ya paa huhesabiwa. Nikapanda kigoda na utepe wa kupimia. Pamoja na sanduku tulikuwa tunaingia daraja la magari marefu, la bei kubwa zaidi. Nikalishusha, mizigo yote nikaishindilia kwenye buti. Fedha niliyookoa hapo ikaishia kwenye kabini, ambayo bei yake ilikaribia ya gari lenyewe. Lakini mtu wa miaka sabini na mbili simlazi kwenye kiti.

Ya barabarani ni machache. Austria unanunua stika ya barabara kuu, halafu kipito cha milima cha Brenner unakilipia tena peke yake, halafu Italia unachukua tiketi langoni na kulipia kila kilomita uliyokwenda. Mpaka Livorno nilikuwa nimechoka kutoa pochi.

Bandarini tulifika saa mbili kabla ya meli kung'oa nanga. Magari yalipangwa kwa mistari, na mlango wa nyuma wa meli ulikuwa umelala juu ya gati, mpana kama barabara. Baharia mmoja aliniashiria kwa mikono: mbele, kushoto, mbele tena, simama. Nilisimama kiganja kimoja tu kutoka gari la mbele. Breki ya mkono, gia ya kwanza, kunja vioo, shuka. Mama ilibidi atokee upande wangu kwa sababu mlango wake haukuwa na nafasi ya kufunguka. Tukashika namba ya sitaha na rangi ya ngazi, tukapanda juu.

Meli ilikuwa imeshaiacha taa ya mwisho ya Livorno Mama aliponiambia, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, dawa zangu za presha ziko wapi?"

Zilikuwa ndani ya buti, chini kabisa, mahali nilipozishindilia mwenyewe.

Nilishuka ngazi mbio nikakuta mlango wa gereji umefungwa. Meli ikiwa baharini abiria haruhusiwi kurudi kwenye gari lake. Kwenye mapokezi kijana aliniambia haiwezekani. Nikarudi na Mama. Alikuwa amejifunga leso yake vizuri, mkononi ana karatasi ya daktari kutoka nyumbani, akaiweka mezani bila kusema kitu. Kijana aliisoma, akamtazama, akapiga simu. Baada ya dakika ishirini, ambazo kwangu zilikuwa usiku mzima, akaja afisa mtu mzima mwenye redio na tochi. "Wewe tu," akaniambia.

Chini kulikuwa na joto na harufu ya dizeli, na sakafu ilitetema miguuni. Malori yalikuwa yamefungwa kwa minyororo minene hadi sakafuni. Magari madogo hayakufungwa. Yalibanana tu, na yale yaliyokaa kwenye mteremko yalikuwa na kabari chini ya magurudumu. Buti haikufunguka yote, nikaingiza mkono hadi begani, nikapapasa mpaka nikaishika pochi yake ya dawa. Kabla ya kutoka nilimwomba afisa anionyeshe mlango tulioingilia. Alimulika tochi. Palikuwa na ukuta wa chuma.

Mama alikuwa ameketi kitandani ananingoja. Nilimweleza kama nilivyoona.

"Letu halina mnyororo?"

"Halina."

"Na mlango?"

"Umesimama, Mama. Ukuta mtupu."

"Haya," akasema, akameza kidonge chake, akalala. Mimi ndiye niliyekesha.

Alfajiri kisiwa cha Tavolara kilisimama mbele yetu, jabali refu kutoka majini, halafu Olbia, bandari yetu ya kushukia Sardinia. Siku sita zilizofuata zilikwisha upesi. Ndani ya kisiwa, mbali na pwani, Mama alipenda ile miti ambayo maganda yake huchunwa kutengenezewa vizibo, shina likabaki jekundu kama limevuliwa nguo. Kule La Pelosa hatukuingia: ufuo una idadi ya watu kwa siku, unakata tiketi mapema, na taulo lazima utandike juu ya mkeka ili usiondoke na mchanga. Mama alilikumbuka hilo siku nzima. "Sisi mchanga wetu nani anauhesabu?"

Siku ya tano tulivuka kutoka Palau kwenda kisiwa kidogo cha La Maddalena, feri ndogo ya robo saa hivi, magari na watu pamoja, maji ya kijani, upepo usoni. Ilikuwa Likoni tupu, kasoro mayowe ya makondakta. Mama alishuka garini kama kawaida yake. Alisimama ameshika chuma, akatazama mlango ukinyanyuliwa mpaka ukakaa, kisha akatoa simu akampigia dada yake.

"Niko kwenye feri," alimwambia. "Hapana, usiogope. Huku mlango wanaunyanyua."