Bluesky, dagaa wa Igombe na mwaliko mmoja wa kugawa

Mwanza, mwishoni mwa Novemba 2023

Nimejiunga na mtandao mwingine wa kijamii. Najua, najua. Mdogo wangu alipouona kwenye simu yangu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa: "Kaka, na yale ya Threads yameishia wapi?" Yameishia palepale, Julai, wiki ile ambayo watu milioni 100 duniani walijiandikisha ndani ya siku tano, nami nikiwa mmoja wao. Sikurudi hata kuangalia nani kanifuata.

Safari hii ni Bluesky. Huku, kwa Novemba hii ya 2023, huingii tu kwa kuwa umetaka. Lazima uwe na msimbo wa mwaliko, na msimbo unaupata kwa mtu aliyekwishaingia, ambaye naye hugawiwa mmoja mmoja, kwa kusubiri. Wangu umetoka kwa rafiki niliyesoma naye sekondari, siku hizi yuko Ujerumani. Alinitumia WhatsApp usiku, herufi na namba tupu, bila hata salamu. Nikadhani kadukuliwa.

Kwa ambao hamfuatilii mambo haya: mradi ulianzia ndani ya Twitter yenyewe mwaka 2019, Jack Dorsey akiwa bado mkuu wa kampuni. Nia ilikuwa kutengeneza utaratibu wa wazi, ambao mtandao wowote ungeweza kuutumia, Twitter ikiwemo. Baadaye mradi ukajitenga, ukawa kampuni chini ya uongozi wa Jay Graber. Elon Musk akainunua Twitter Oktoba mwaka jana kwa dola bilioni 44, Julai mwaka huu akaibatiza X, na waliochoka na vituko wakaanza kutafuta pa kwenda. Katikati ya mwezi huu Bluesky wametangaza kufikisha watumiaji milioni 2, dunia nzima. Sensa ya mwaka jana ilituhesabu karibu milioni 3.7 katika mkoa huu wa Mwanza peke yake. Kwa hiyo nimehamia mahali ambapo watu wake wote hawajafika hata idadi yetu sisi wa hapa.

Na chombo chenyewe, Novemba hii, bado kibichi. Hakuna video. Hakuna ujumbe wa faragha, ukitaka kumnong'oneza mtu jambo inabidi umtafute kwingine. Alama ya # ukiiweka inakaa tu pale, haikupeleki popote. Posti mwisho herufi 300. Hata uwezo wa kumzuia mtu asikusumbue uliongezwa Aprili mwaka huu, watu wakiwa wameshaanza kusumbuana. Maandishi yote ya programu ni ya Kiingereza. Kuna asubuhi unafungua unakuta kitufe kimehama, jioni kimerudi.

Kukosekana kwa video nilikuona kasoro kubwa, hadi nilipoangalia bando. Mimi nina steshenari huku Nyegezi, wateja wangu ni wanafunzi wa chuo wanaoleta kazi zao kuprintiwa dakika kumi kabla ya kukusanya. Tangu mgao wa umeme uanze, kuna mchana mzima printa imelala, nami sina la kufanya zaidi ya kushika simu. Kwenye mitandao mingine video zinaanza kucheza zenyewe hata hujaziomba, na bando la wiki linakata Jumatano. Huku picha na maneno tu, bando linanifikisha. Sijui watakapoleta video nitafanyaje.

Nilitaka kwanza kujua kama kuna Waswahili. Kuna mahali unachagua lugha za posti unazotaka kuletewa, nikaondoa zote nikaacha Kiswahili peke yake. Ukurasa ukawa mtupu. Nikasubiri, nikaburuta tena, ikatokea posti moja: picha ya paka, maneno ya Kireno. Mwenye nayo, Mbrazili bila shaka (wako wengi sana huku, wao na Wajapani), alibonyeza lugha vibaya. Nikamwekea laiki hivyo hivyo, maana ndiye aliyekuwa Mswahili pekee niliyempata siku ile.

Mtu akinyamaza kwenye chumba kitupu si ajabu. Ajabu ni kwamba nilianza kuandika.

Posti yangu ya kwanza ya maana ilikuwa picha ya Igombe, kwenye mwalo wa wavuvi. Nilikwenda huko Jumapili kununua dagaa kwa mama mmoja ambaye dagaa wake hawana mchanga. Wengi pale mwaloni huwamwaga chini ufukweni, au juu ya nyavu kuukuu. Yeye anaanika kwenye chanja, zile meza ndefu za miti zilizotandazwa wavu, upepo unapita juu na chini, na ukimtafuna dagaa wake huusikii mchanga menoni. Bei yake iko juu kidogo na haitetei. Ukilalamika anakuonyesha kwa kidevu waliko wengine. Siku hiyo wingu lilikuwa limekaza upande wa ziwani, na vuli ya mwaka huu mnaiona ilivyo. Dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka wanaoza, na wakioza wanaondoka kwa bei ya kutupa kwenda kuwa chakula cha kuku. Basi mama alikuwa anakusanya mbiombio, wajukuu wake wawili wanakimbia na ndoo. Nikapiga picha moja. Ya pili sikuiwahi kwa sababu na mimi nilipewa ndoo.

Jioni, nilipotaka kuiposti, nikakuta kisanduku cha kuandika maelezo ya picha kwa ajili ya wasioona. Kwingine pia kipo, ila nilikuwa sijawahi kumwona mtu akikijaza. Huku watu wanakichukulia kwa uzito, na usipokijaza kuna atakayekukumbusha kwa upole. Nikakaa kuandika. Nikagundua kwamba picha niliyoipiga mwenyewe sikuwa nimeitazama. Kumbe mtoto mdogo kati ya wale wawili alikuwa amevaa viatu tofauti miguuni, kimoja ndala, kingine cha mvua. Kumbe dagaa waliobaki kwenye chanja walikuwa wameshikana kwenye kona moja tu, pale wavu ulipolegea. Yote nikayaandika kwa Kiswahili, halafu chini yake kwa Kiingereza changu cha kuombea maji.

Asubuhi nikakuta Mjapani. Anauliza: hao samaki mnawachemsha kwanza? Akaeleza kwamba kwao kuna samaki wadogo wakavu wa kutengenezea supu, niboshi, wanachemshwa kwenye maji ya chumvi ndipo wanakaushwa. Akaweka na picha. Ukiniambia ni dagaa wa soko la Kirumba waliolala vibaya kwenye gunia ningekubali.

Swali hili sikuwa na haki ya kulijibu mwenyewe. Nikampigia mama wa Igombe.

"Wanachemsha kwanza?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Kwa maji ya chumvi."

"Na kuni anatoa nani?"

Nikamwambia hilo nitamuuliza.

"Muulize. Halafu baba, muulize pia kama ananunua gunia."

Nilifikisha yote mawili. La kuni, Mjapani akajibu kwamba kwao kazi hiyo inafanyika zaidi viwandani. La gunia alicheka kwa maandishi, akasema Tanzania ni mbali. Tumeendelea hivyo, yeye mchana wake na mimi asubuhi yangu, maana tumepishana saa sita. Sasa najua mambo ya samaki wa Japani kuliko ninavyojua ya Kigoma, na yeye anajua kwamba dagaa wa huku wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika.

Picha hiyohiyo niliiweka na X. Ikapata laiki nyingi kuliko Bluesky, sikatai. Komenti ya kwanza ilikuwa ya mtu anauza mkeka wa uhakika wa kubeti mechi za leo. Ya pili, mkopo bila dhamana, njoo inbox. Ya tatu ilikuwa ugomvi wa Simba na Yanga, umefikaje kwenye dagaa Mungu ndiye anajua.

Kilichonivuta zaidi Bluesky, hata hivyo, ni ahadi yao. Utaratibu wanaoujenga wanauita AT Protocol, na maana yake kwa mtumiaji wa kawaida ni hii: akaunti yako, posti zako na watu wanaokufuata visiwe mali ya seva moja, yaani kompyuta inayovitunza. Siku ukichoshwa na wenye mahali, unabeba vyako na watu wako unakwenda seva nyingine, na wafuasi hawahitaji kukutafuta upya. Ukiwa na tovuti yako, jina la tovuti ndilo linaweza kuwa jina lako huko, popote utakapokuwa. Wavuvi wa dagaa wanahama kambi hivyo. Samaki wakipungua kisiwa kimoja wanakwenda kingine, kibanda cha mabati wanaacha, ila injini, taa na nyavu vinapanda mtumbwini, na wenzao wa kazi wanapanda pia. Mimi kwenye mitandao nimekuwa nikihama kinyume chake kabisa. Nyavu naziacha, naondoka na njaa.

Maana nimeshaachwa. Enzi za intaneti kafe za mjini, ukilipia kwa saa na foleni nyuma yako inakohoa, kulikuwa na mtandao niliouwekea picha zetu za kumaliza kidato cha nne. Tuko kisiwani Saanane, suruali zimekunjwa, nyuma yetu mawe na maji. Wenye mtandao wakabadilisha biashara yao, picha zikapotea humo humo. Wawili kati ya tuliokuwa kwenye picha ile wameshatangulia mbele za haki, na wazazi wa mmoja waliniuliza msibani kama ninayo. Tangu hapo nimeiona mitandao mingine ikifa au ikiachwa: Google+ ilifungwa Aprili 2019, ikafutwa na vilivyomo. Clubhouse nayo, ile ya kuongea kwa sauti, 2021, mwaliko kama huu huu, ilianza kwa wenye iPhone tu, sisi wa Android tukasubiri mpaka Mei, tukaingia kwa kelele, na sijui lini tuliondoka. Na hata mtandao usipokufa unaweza kuzibiwa: wakati wa uchaguzi wa 2020 Twitter ilibanwa hapa nchini, asiye na VPN, ile programu ya kuruka vizuizi, akabaki nje.

Kwa hiyo ahadi ya Bluesky naipenda, lakini kwa sasa ni ahadi. Seva zote bado ni za kwao, hakuna pengine pa kuhamia hata ukitaka. Halafu kuna suala la hela. Julai walitangaza wamepata dola milioni 8 za wawekezaji, wakaanza na biashara ya kuuza majina ya tovuti. Majina ya tovuti sawa. Lakini mwekezaji hatoi dola milioni 8 ili mimi na Mjapani tuongee habari za dagaa, na siku atakapotaka chake ndipo tutajua hiyo milango ya kutokea ilijengwa kweli au ilichorwa ukutani. Picha zangu sasa naziweka kwenye diski yangu kwanza, ndiyo zinakwenda popote zinapokwenda.

Kuna jambo linanikera kidogo kwa wenyeji wa huku. Kila siku wanahesabu: tumefika wangapi, lini tutafunguliwa, lini wakubwa watahamia. Mimi ninawatamani Waswahili, hilo kweli, lakini ule umati mwingine siuoni una haraka gani. Wakija wote watakuja na mikeka yao.

Wiki hii nami nimepewa msimbo wangu wa kwanza wa kugawa. Mdogo wangu, yuleyule aliyenicheka, akautaka. Nikamuuliza wa nini, akasema atatangaza viatu. Nikamnyima, amenuna, atazoea tu.

Nimempa mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyeko Sengerema. X yupo miaka mingi na hajawahi kuandika hata mstari. Anasema kule ukiteleza neno moja wanakujia watu ambao hata hujui umewakosea nini. Aliniuliza, "Huko nikiingia nitamkuta nani?" Nikamwambia ukweli: mimi, Mjapani mmoja, na paka wa Brazili. Akanyamaza kidogo. "Basi sawa," akasema, "nitumie."

Ameingia jana akiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo, huku nguzo za daraja jipya anaziangalia kwa macho tu. Ameposti picha ya foleni, malori ya mbele na akina mama wanaouza karanga katikati ya magari, na maelezo ya picha amejaza bila kuambiwa, sentensi zimenyooka kama za ubaoni. Laiki mbili. Moja yangu, nyingine ya Mjapani, ambaye ameshauliza kivuko kinabeba magari mangapi kwa mara moja. Mwalimu ameshuka kwenye gari kwenda kuhesabu.