Namba 61016 ipo kwenye simu yako?

Ndugu zangu mlioko huku Uingereza, hasa nyie mliofika juzijuzi, leo naomba niongelee polisi wa treni, maana wengi wetu tukiwaona tu tunainamisha kichwa, hata kama makaratasi yako sawa na tiketi unayo mkononi. Na mimi nilikuwa hivyohivyo miaka miwili ya mwanzo.

Nafanya usafi maofisini, natoka saa nne na nusu usiku. Siku moja kwenye treni ya kurudi tulikuwa kama watu sita tu behewa zima, kuna binti wa umri wa chuo kakaa dirishani na hedifoni zake, akaingia jamaa na kopo la bia, viti vitupu kila upande lakini akaenda kukaa ubavuni kwa yule binti. Binti akasogea, jamaa naye akasogea. Akapitisha mkono nyuma ya kiti, akaanza kumuuliza anashukia wapi. Yule mtoto alikuwa anatutazama mmoja mmoja na sisi wote macho kwenye simu. Nina binti wa rika lake, roho iliniuma sana. Ndo nikakumbuka lile tangazo linalorudiwa kila kituo, tangu 2016 tunalisikia, kwamba ukiona jambo halijakaa sawa watumie polisi wa treni meseji kwa 61016. Nikatuma. Kiingereza changu cha kuandika kina makosa ila niliweka ya muhimu: treni inaelekea wapi, tumetoka kituo gani, namba ya behewa, niliiona imeandikwa juu ya mlango, mwanaume wa koti la kijani anamsumbua msichana. Wakajibu kuuliza kama ana silaha. Kituo cha pili mbele wakaingia askari wawili, hawakuniita wala kunitazama, wakaenda moja kwa moja kwa jamaa, wakashuka naye. Binti akavua hedifoni, mikono inamtetemeka, mama mmoja akahamia kukaa naye mpaka mwisho.

Tangu siku ile nimekuwa nawaambia watu, na kitu cha kwanza naeleza ni kwamba hawa polisi wa treni, British Transport Police, ni jeshi la peke yake, kazi yao ni reli tu, England, Wales na Scotland, pamoja na treni za chini ya ardhi za London. Wale wanaokukagua tiketi na sare zao nyeusi sio hao, usiwachanganye. Na ukiona mtu anaumizwa sasa hivi mbele yako usiandike meseji, piga 999, namba ya dharura. Hiyo 61016 ni ya lile jambo ambalo halijafika huko, na kwetu sisi ina faida moja kubwa, hakuna wa kukuambia rudia sijakuelewa, unaandika kimyakimya na aliyekaa mbele yako hajui.

Ila namba peke yake haitoshi, hapo nasema kwa nililoliona. Kituo ninachoshukia kulikuwa na askari jamii, mdada, hawa walianzishwa kwa sheria ya 2002, hawana mamlaka ya kukamata mtu kama konstebo, kazi yao kubwa ni kuonekana na kujuana na watu. Yani alikuwa anajua kabisa shifti yetu inatoka saa ngapi. Akija kuongea na sisi anapunguza kwanza sauti ya redio yake ya begani, halafu anauliza njia ya kutoka hapa mpaka nyumbani mnapaogopa wapi? Hajatuuliza nani mwizi. Tukamwambia darajani, taa imekufa wiki tatu na kuna vijana wanasimama pale gizani. Akaandika kwenye kijidaftari, akawasumbua wenye kituo, wiki iliyofuata taa inawaka na wale vijana hawapo. Hakuna aliyekamatwa, taa tu. Kamera zilikuwepo muda wote na hazikutusaidia kitu.

Huyohuyo ndiye aliyetufundisha jambo ambalo sikujua kama ni la polisi. Alisema mkimwona mtu kakaa peke yake mwisho wa platifomu, treni zinapita hapandi, msiogope, muulizeni kitu chochote kidogo, treni inayofuata inaenda wapi, saa ngapi, hali ya hewa. Kuna kampeni yake kabisa tangu 2017, ya Samaritans, shirika la hisani linalosikiliza watu waliokata tamaa, na polisi hao na wenye reli, kwamba maneno mawili matatu yanaweza kumtoa mtu kwenye wazo la kujiua. Na kama unaona hatari pale pale, mwambie mfanyakazi wa kituo au piga 999. Mimi nimeuliza mara moja. Mzee wa makamo, mfuko wa dukani miguuni, treni tatu zimempita. Nikamuuliza kama hii inasimama kila kituo, akachelewa kujibu, halafu akaniuliza natokea nchi gani. Tulikaa pale karibu nusu saa mpaka mfanyakazi wa kituo akaja kukaa nasi.

Yule mdada amehamishwa mwaka jana na nafasi yake haijajazwa mpaka leo, nimeshaandika kuulizia mara mbili na nitaandika tena. Mgeni akifika kwangu kutoka nyumbani, namsevia 61016, halafu usiku ule ule namwonyesha namba ya behewa inakaa wapi.