Siku moja maishani mwangu: utando wa chakula unaotakiwa kuua na kuoza

Saa 2 asubuhi. Kazi ya kwanza ni kubandua tando za kufungia chakula zilizokauka usiku kucha kwa nyuzi 40. Napitisha ncha ya wembe ukingoni mwa sahani ya petri, kisha nainua taratibu. Gliserini, inayoulainisha utando, ikiwa kidogo, unakatika. Ikizidi, unanata vidoleni. Uliokaa sawa hutoka mzima, una umanjano wa mbali, na ukiukunja haupasuki. Wenye mapovu unatupwa bila kujadili.

Saa 3 na nusu. Nachanganya mwingine. Malighafi ni kaitosani, unga unaotokana na magamba ya kamba na kaa yaliyochemshwa kwenye soda kali. Maji matupu hayauyeyushi; unataka asidi ya asetiki kama asilimia 1. Humo ndani molekuli zake hubeba chaji chanya, na kwa kuwa ngozi ya nje ya bakteria ina chaji hasi, vinang'ang'aniana mpaka seli inaanza kuvuja. Naongeza matone ya karvakroli, kiini cha mafuta ya oregano. Hapa mkono uwe mwepesi: bakteria watakufa, ndiyo, lakini nani atakula chakula kinachonuka dawa ya kuchua?

Saa 5. Kuhesabu makoloni, yaani vishada vya bakteria vilivyoota. Wageni wakija maabara hupenda kuona duara jeupe lisilo na bakteria kuzunguka kipande cha utando. Mimi duara hilo silitegemei sana. Linaonyesha dawa iliyosafiri kutoka kwenye utando, na kaitosani haisafiri, inaua kinachoigusa tu. Kwa hiyo tunapaka bakteria juu ya utando wenyewe, tunawaacha saa 24 kwa nyuzi 35, tunawaosha na kuwahesabu. Tena tusidanganyane na asilimia: ukiua 90 kati ya kila 100, katika milioni moja bado wamebaki laki moja wazima, na chakula kikikaa watazaana upya.

Saa 7, chakula. Nje ya maabara, bila shaka.

Saa 8 mchana. Vyombo vya mboji, nyuzi 58. Huku tunaomba kinyume cha tulichoomba asubuhi: vijidudu waule utando ule ule. Tunapima kaboni dioksaidi wanayoitoa. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 kinataka asilimia 90 ya uozaji ndani ya miezi 6. Kwenye grafu, mstari wa utando wenye karvakroli ulichelewa kupanda mwanzoni. Mafuta hayo ni tete, yakishavukiza vijidudu wanaingia kazini. Nyuzi 58 ni za mtambo wa mboji, si za shimo la nyuma ya nyumba, ndiyo maana neno "inaoza" kwenye pakiti za PLA, plastiki itokanayo na mimea, hunikera: udongoni, pasipo joto hilo, PLA hukaa miaka.

Saa 10. Mwanafunzi ananiita kwenye vikombe vilivyofunikwa kwa utando; ndani mna kinyonya maji, hivyo uzito ukiongezeka ni mvuke uliopenya.

"Dokta, vikombe vimeongezeka uzito tena."

"Umeziba pembeni kwa nta?"

"Nimeziba, Dokta. Ni utando wenyewe."

Namwamini. Kaitosani inapenda maji, na mvuke unapita humo kirahisi. Anapendekeza tuuvike tabaka la nta ya nyuki. Mvuke utapungua, lakini utando utafifia, na mnunuzi anataka kuona anachonunua. Namwambia apime nta kidogo iliyosagwa ndani ya mchanganyiko badala ya tabaka zima, na asianze kabla sijapata kipimo cha ung'avu.